Binti akiomba hela ya kikundi cha madada chuoni

Mfikirie mama wa Chiwanda, kando ya Ziwa Nyasa. Jioni anakusanya usipa aliouanika tangu asubuhi, mara simu inaita. Ni binti yake, yuko chuoni mwaka wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

"Nimekula. Mama, naomba uniongezee hela kidogo. Kuna kikundi cha madada hapa hosteli, wamenikaribisha. Kuna kiingilio na sare."

"Kikundi cha kufanya nini?"

"Siruhusiwi kusema mpaka nipokelewe."

Hapa wazazi hugawanyika. Yupo anayefoka, "Nilikupeleka kusoma!" na kukata simu. Yupo anayetuma hela ili yaishe. Wote wawili wamemwacha binti aamue peke yake.

Vyama vya wanafunzi wa kike vina historia ndefu Marekani. Mwaka 1908, katika Chuo Kikuu cha Howard jijini Washington, wanafunzi wa kike Weusi walianzisha Alpha Kappa Alpha. Rangi zake ni waridi na kijani. Mwaka 1913 wenzao 22 wa chuo hicho hicho wakaanzisha Delta Sigma Theta, na mwezi Machi mwaka huo wakaandamana kudai wanawake wapige kura. Miaka ya baadaye Delta ilichangia huduma za hospitali ya wazazi kule Thika, Kenya. Vyama hivi vina nyimbo, ishara na siri zake, na mwanachama hubaki dada hata baada ya kumaliza chuo.

Mama wa Chiwanda akisikia hayo hashangai sana. Ufukwe wake una kioda, ngoma ya wanawake wa Kinyasa. Wanaume wana mganda, uliochukua hatua zake kwenye gwaride la askari wa kikoloni. Wanawake wana kioda. Wana sare yao, wana viongozi wao, na kijiji hualika kijiji. Anayeingia lazima ajifunze hatua na kutii utaratibu, maana mmoja akikosea mstari wote unaharibika.

Pwani mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mombasa vikundi vya lelemama vilikuwa na vyeo na mashindano, na wakati mwingine mashindano hayo yaligharimu sana. Lakini wanachama hao hao walifaana kwenye harusi na misiba. Dar es Salaam, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi. Wanawake waliozoea kuchangishana na kutunziana siri walikuwa tayari wanaaminiana.

Kwa hiyo sare, nyimbo na hata siri kidogo si kosa. Binti aliye mbali na nyumbani anahitaji watu wa kumpelekea uji akiugua na kumtafuta asipoonekana darasani.

Hatari iko mlangoni, pale mgeni anapopokelewa. Marekani wako vijana waliokufa katika kupokelewa huko: kulazimishwa kunywa pombe, kupigwa, kunyimwa usingizi. Mwaka 1990 vyama vikubwa vya wanafunzi Weusi vilikubaliana kufuta kipindi cha kuwajaribu wapya, lakini mateso hayakwisha. Yaliendelea kwa kificho. Siri ya wimbo haimdhuru mtu. Siri inayomkataza binti kumwambia mama yake kwamba ameumizwa, hiyo ni ya kukimbia.

Mzazi asiyejua lolote kuhusu chuo bado anaweza kuuliza maswali manne. Je, uongozi wa chuo unakitambua kikundi hiki? Hela inakwenda wapi, na nani anaandika mapato na matumizi? Mtu akitaka kutoka, anatoka kwa amani? Na mwenzao akipatwa na shida, wanafanya nini?

Auliziwe kwa sauti ya kawaida. Binti akiona anashitakiwa, atajifunza kuficha, na siku ya shida hatapiga simu.

Mama wa Chiwanda anafunika usipa wake, kisha anapiga simu yeye.

"Mwanangu, sijakataa. Niambie jambo moja. Muhula uliopita, kuna mwenzao aliyefiwa au kuugua?"

"Yupo dada mmoja, alifiwa na baba yake."

"Walimfanyia nini?"

Binti ananyamaza kidogo. "Sijui, mama. Nitamuuliza mwenyewe."

"Muulize. Akikujibu, nipigie, hata kama ni usiku."