Kuwasha Video Si Kufundisha Historia

Wasee, leo naweza kukosana na walimu, na pia na watu wa video wenzangu. Wacha iwe.

Mtoto wa sista yangu yuko Gredi ya 4, hapa Ruiru. Juzi alirudi akisema darasani wameonyeshwa video ya Dedan Kimathi. Nikamuuliza, Kimathi alikuwa nani? "Ni yule wa rasta." Alinyongwa wapi? Hajui. Na Gereza la Kamiti, penye walimnyonga tarehe 18 Februari 1957, si mbali na kwao! Mwalimu alisema nini video ilipoisha? "Hakuna. Kengele ililia."

Hapo ndipo nashikwa na hasira. Kuanzia 2016 serikali imepeleka tableti zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma. Poa. Lakini tableti haiwezi kusimama katikati ya somo iulize, "Nyinyi mnaonaje?" Hiyo ni kazi ya mtu.

Najua mtasema afadhali video kuliko kukariri tarehe. Nakubali, picha inaingia kichwani haraka. Shida ni kwamba mtoto wa miaka tisa hawezi kubishana na video. Ukimwekea muziki mzito na sauti tamu, umwambie Kenya iliwaenzi mashujaa wake, ataamini. Nani atamwambia kwamba Mau Mau ilibaki imepigwa marufuku hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru, chini ya serikali yetu wenyewe? Nani atamwambia Mukami, mke wa Kimathi, alifariki 2023 bila kupewa mwili wa mumewe azike?

Na sisi watu wa video tusijifanye watakatifu. Tunaokota picha mbili, tunaweka sauti ya kompyuta, tunaita historia. Mimi pia nimefanya hivyo, na nikapata likes.

Video iwe ya dakika tano, kisha izimwe. Kama ni shule ya Thika, watoto wapelekwe Mugumo Gardens. Wazee husimulia kwamba Mugo wa Kibiro alitabiri mugumo wa hapo ukianguka, utawala wa mkoloni utaisha, na kwamba wazungu waliuzungushia chuma usianguke. Mwalimu awaulize: hii ni historia ama ni hadithi? Tungejuaje? Wacha wabishane. Hilo ndilo somo.

Halafu wapeni watoto simu, wao ndio warekodi. Kuanzia 1954, Waingereza walisukuma zaidi ya watu milioni moja kwenye vijiji vya kulindwa, na Kiambu ilikuwa ndani. Aliyekuwa na miaka 10 wakati huo sasa amepita 80. Hatuna muda, manze. Kila mwaka tunazika mashahidi, na video yenye mtoto anaonyeshwa inasomwa na mtu ambaye hakuwepo.

Kama mwalimu hana nafasi, anza wewe. Wikendi hii keti na cucu ama guka yako, washa rekodi, muulize kijiji chao kilikuwa wapi na nani alikuwa analinda mlango. Usikatize. Usiweke muziki. Kisha mwonyeshe mtoto wa kwenu, na ujibu maswali yake hadi yaishe.