Mama Alirudi Nyuma: Maoni Kuhusu Kitenzi, Kielezi na Kihusishi

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu viungani mwa mji wa Meru, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliandika katika insha yake: “Mama alirudi nyuma kutoka soko la Gakoromone, akaingia ndani ya nyumba, akasema anatazama mbele kunipeleka Embu.” Nilishika kalamu nyekundu nikakata “nyuma”, nikakata “ndani ya”, nikakata “mbele”. Kijana akaja na daftari lake, akauliza kwa heshima: “Mwalimu, kosa langu ni lipi?” Nilimjibu kwamba Kiswahili hakisemi hivyo. Hilo halikuwa jibu. Makala haya yananuia kulipa deni lile.

Kiingereza hujenga maana nyingi kwa kuambatanisha kitenzi kifupi na kielezi au kihusishi. “Give” peke yake ni kutoa. Ikifuatwa na “up” huwa kukata tamaa. Ikifuatwa na “in” huwa kusalimu amri. Ikifuatwa na “back” huwa kurudisha. Pengine hufuatwa na vyote viwili, kielezi kisha kihusishi: “put up with” ni kuvumilia, “come up with” ni kubuni, “look forward to” ni kutazamia kwa hamu. Mpangilio wenyewe una kanuni. Kielezi cha namna huweza kukaa kati ya kitenzi na kihusishi, kama katika “depend heavily on”, lakini hakiingii kwa urahisi kati ya kitenzi na kielezi kilichokwisha kuungana nacho. Hapo hukubaliwa vichache tu, mathalani “right” na “straight”.

Kiswahili kina njia yake. Mwanaisimu Leonard Talmy, katika maandishi yake tangu 1985, ameonyesha kuwa zipo lugha zinazoweka mwelekeo ndani ya mzizi wa kitenzi, na zipo zinazouweka katika neno la pembeni. Kiingereza ni cha kundi la pili, ilhali vitenzi vyetu vya mwendo hufuata njia ya kwanza: ingia, toka, panda, shuka, rudi. Mwingereza husema mtoto “ran in”. Sisi husema mtoto aliingia mbio. Tazama mageuzi hayo: mwelekeo, ambao kwao ni kielezi, kwetu ni kitenzi, na namna ya kwenda, ambayo kwao ni kitenzi, kwetu ni kielezi.

Kazi ya kihusishi nayo aghalabu hufanywa na mnyambuliko. Kimbia huzaa kimbilia, lia huzaa lilia, andika huzaa andikia. Ndiyo maana “kutegemea juu ya mvua” ni mzigo usiohitajika. Kutegemea mvua kunatosha. Hata ile “up” ya ukamilifu, kama katika “fill up”, tunayo mbadala wake: gunia hujaa pomoni, kama vile mtoto hulala fofofo na darasa hunyamaza jii.

Hapa ndipo penye hoja yangu kuu. Walimu wengi wa Meru na Embu hulaumu lugha ya mama kila wanapokutana na sentensi kama ya yule kijana. Naona hukumu hiyo ni ya haraka. Kiembu na Kimeru ni lugha za Kibantu ambazo Malcolm Guthrie aliziweka katika kundi la E50, na zina mnyambuliko kama wetu. “Ruga” ni pika, “rugĩra” ni pikia. Mwembu hufunga mlango kwa “vinga” na kuufungua kwa “vingũra”, sawa na funga na fungua. Mtoto huyu amekuja shuleni na ufunguo mkononi. Sisi tumemfikisha kwenye Kiswahili kwa kupitia mlango wa Kiingereza, kisha tunamlaumu nyanya yake kwa makosa ya darasani.

Hata hivyo, tusigeuze kalamu nyekundu kuwa panga. Si kila kielezi kinachofuata kitenzi ni mgeni. Kiswahili kina miungano yake iliyokomaa: kutupilia mbali, kusonga mbele, kuweka kando, potelea mbali. Anayemwambia mgeni, “Usisimame mlangoni, ingia ndani,” hajakosea, anasisitiza. “Rudi nyuma” pia ni Kiswahili safi, ila maana yake ni nyingine: jeshi lililoshindwa hurudi nyuma. Kwa hiyo makosa matatu niliyoyakata hayakuwa na uzito mmoja. “Nyuma” ilibadilisha maana, mama akaonekana kama anayetembea kinyumenyume. “Ndani ya” ilikuwa ziada isiyodhuru. “Anatazama mbele” ilipoteza maana kabisa, na tiba yake ilikuwa irabu moja tu: anatazamia.

Napendekeza basi kwamba kila mwalimu mwanafunzi, kabla ya kukata kielezi, ajiulize maswali matatu. Je, kitenzi kimekwisha kubeba mwelekeo huo? Je, mnyambuliko unaweza kufanya kazi ya kihusishi hiki? Je, muungano huu una maana yake maalumu katika Kiswahili? Wanachama wetu waliopelekwa shule za Nkubu, Maua na Runyenjes wangeweza kukusanya mifano kutoka daftari za wanafunzi, wakaipanga kwa maswali hayo. Wasiwasahau wakubwa, kwani anayetangaza kuwa wizara “imekuja na mpango” badala ya kubuni mpango hana kidato cha kusingizia.

Tangu 2010 Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Heshima hiyo haitatimia iwapo mtoto atajifunza kukiogopa. Yule kijana aliuliza swali la kisarufi, nami nikampa amri. Wenzangu mtakaokwenda darasani muhula ujao, mwendeeni na jibu.