Umeporwa? Usikubali Kuandikiwa Umepoteza

Wiki iliyopita nilimsindikiza jirani yangu kituo cha polisi, huku kwetu Pwani. Ni mama anayekaanga mahamri kando ya barabara. Alfajiri, akienda kuwasha jiko, vijana wawili walimzuia njiani na mapanga. Walimkata mkono, wakaondoka na mkoba wake: simu, kitambulisho na pesa za unga wa wiki nzima. Alipofika kwenye kaunta, mkono ulikuwa umefungwa kwa leso na damu ilikuwa imeshapenya.

Askari wa zamu, kijana mpole wa maneno, alimuuliza, "Mama, wataka kesi ama wataka laini yako?" Akamweleza kuwa wakiandika ameporwa kwa silaha, itabidi aandikishe taarifa, asubiri mpelelezi, aende hospitali na fomu ya P3, ile ya kujazwa na daktari, kisha awe akija kituoni kila akiitwa. Wakiandika kwamba vitu vimepotea, atapewa abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kurudishia laini, papo hapo, na adhuhuri haitamkuta pale. Mama akaitazama saa ya ukutani. "Nipe karatasi ya laini, mwanangu," akasema. Nilipoingilia kati niliambiwa ningoje zamu yangu. Kitabu cha matukio, ile OB tunayoijua sote, kikaandikwa: amepoteza simu na kitambulisho, mahali pasipojulikana.

Mahali pasipojulikana! Na mama mwenyewe alikuwa ameshataja njia, saa, na hata rangi ya fulana ya mmoja wao.

Wizi wa kimabavu ni kosa ambalo kifungu cha 296 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaliweka kwenye daraja la adhabu ya kifo. Kosa zito kiasi hicho lilifutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, mchana kweupe, foleni nzima ikitazama na kunyamaza. Vijana wale hawatafutwi. Katika vitabu vya serikali hawapo, na panga lao halipo, na kidonda cha mama yule hakipo.

Sababu hatuhitaji kuhadithiana: askari wachache, kesi zinazoburutwa, kitu kidogo, aibu, hofu ya kulipiziwa kisasi, na ile "bora uzima, mali hutafutwa" tunayoambiana kila mtu akiporwa. Mama wa mahamri simlaumu hata chembe; siku asiyouza, watoto hawali. Ninaowalaumu ni sisi tuliokuwa na nafasi ya kusimama naye. Wanasiasa wetu hupigia kelele usalama kwenye majukwaa, nasi huwapigia makofi, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza kitabu cha kituo chetu kimeandikwa nini?

Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huchapisha Utafiti wa Kiuchumi, na ndani yake mna majedwali ya uhalifu ulioripotiwa kwa polisi. Ulioripotiwa, ukaandikwa. Usioandikwa haufiki huko. Mtaa ambao kitabu chake ni safi hauna hoja ya kudai gari la doria wala taa za barabarani, na kamanda akiulizwa atajibu kwamba huko ni shwari. Atakuwa anasoma alichoandikiwa.

Tumeyaona matokeo yake kwa mauaji ya wanawake. Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi, Mombasa na miji mingine, na hesabu walizobeba kwenye mabango zilikuwa zimekusanywa na wanaharakati kutoka kurasa za magazeti, kifo kimoja baada ya kingine. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ikatangaza kwamba wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba. Miezi mitatu! Na wangapi kati yao walikwishapigwa, wakaenda kituoni wakiwa hai, wakaambiwa, "Hayo ni mambo ya nyumbani, kayamalizeni nyumbani"? Lile pigo la kwanza lingeandikwa, huenda lile la mwisho lisingefika.

Basi ndugu zangu, tusiwaachie polisi peke yao kazi ya kuandika ukweli. Ukienda kuripoti, usiende peke yako. Mchukue jirani, imamu, mchungaji, yeyote mwenye sauti. Sema kilichotendeka kama kilivyotendeka: wangapi, silaha gani, saa ngapi, nyuma ya duka gani. Kisha omba usomewe kilichoandikwa kabla hujaondoka. Ikiwa umeporwa na pameandikwa umepoteza, kataa pale pale, kwa adabu, lakini kataa. Usiondoke bila namba ya OB, na uandike kando yake tarehe, saa na namba ya askari iliyo kwenye sare yake. Kuripoti ni bure. P3 ni bure. Ukifukuzwa, muulizie OCS, yaani mkuu wa kituo. Naye akikufukuza, ipo IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ili kupokea malalamiko dhidi ya polisi.

Leo hii, kabla hujaporwa, bonyeza *#06# kwenye simu yako, uiandike ile namba ya IMEI mahali ambapo mwizi hafiki. Kwa aliyebakwa, hospitali kwanza, kabla ya kuoga, kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi hazingoji.

Na tusitie chumvi. Simu ya shilingi elfu nane isigeuzwe ya elfu hamsini, wala ugomvi wa mpaka wa shamba usigeuzwe jaribio la mauaji ili kumkomesha jirani. Taarifa ya uongo nayo ni kosa, na inaharibu hesabu sawasawa na ile iliyofichwa.

Wazee wa mtaa, nanyi nina neno kwenu. Mtoto akinajisiwa, mnakaa kikao, mbuzi anatolewa, pesa zinahesabiwa, na kesi "inaisha". Tangu Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, uamuzi wa kuiacha kesi ya namna hiyo si wa mzee wala wa mzazi. Mnamficha mnajisi, mnampa mtoto wa pili. Acheni!

Kwenye baraza la chifu, tumtake OCS atusomee hesabu za kituo chake: visa vingapi vya uporaji, vingapi vya ubakaji, kesi ngapi zimefika mahakamani. Asipotaka, kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la maandishi. Barua moja tu, yenye sahihi za mtaa mzima. Nawasihi pia tusimrukie OCS ambaye hesabu zake zimepanda kwa sababu watu wameanza kuripoti na askari wake wameanza kuandika. Tukimwaibisha huyo, wenzake wote watajifunza kuficha.

Wewe uliyeporwa mwezi huu, na ndani ya pochi yako mna abstrakti inayosema umepoteza: rudi kituoni kesho. Waambie unataka kuandikisha taarifa ya kilichotendeka hasa. Nami jirani yangu nimeshamwomba turudi Jumatatu, akishafunga meza yake ya mahamri, na nawaomba wanaotoka mtaa wetu waje. Tujae pale kaunta mpaka iandikwe: ameporwa, kwa panga, na wawili.