Mstari wa Hali Si Pambo

Kuna imani iliyoota mizizi kwa watumiaji wa Vim, programu ya kuhariri maandishi, na ajabu yake ni kwamba inawaunganisha watu wanaodhani wanapingana. Wa kwanza ni yule anayeuvisha mstari wa hali, ule mstari mmoja ulio chini ya dirisha, mishale, rangi na aikoni mpaka unang'aa. Wa pili anamcheka wa kwanza: mtu wa kazi, anasema, skrini tupu inamtosha. Mmoja analipenda pambo, mwingine analidharau, lakini wote wameshakubaliana kwamba ni pambo. Si pambo hata kidogo, na wanaoumia kwa kosa hilo ni wanaoanza.

Fungua faili katika Vim, weka kielekezi mwanzoni mwa mstari wenye maneno, kisha andika Dodoma ukidhani uko katika hali ya kuandika, kumbe uko katika hali ya amri. Herufi D inafuta kila kitu kuanzia kwenye kielekezi hadi mwisho wa mstari. Herufi o inafungua mstari mpya chini yake na kukuingiza katika hali ya kuandika. Kinachobaki, doma, kinaandikwa hapo kama maandishi ya kawaida. Herufi ni zilezile na vidole ni vilevile. Iliyotofautiana ni hali tu. Larry Tesler, mtaalamu wa kompyuta aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC miaka ya 1970, alilichukia jambo hili kiasi cha kuandikisha NOMODES, yaani "hakuna hali", kwenye kibao cha namba cha gari lake. Bill Joy alishika njia nyingine: vi, aliyoiandika Berkeley mwaka 1976, ilijengwa juu ya hali hizo, na Vim ya Bram Moolenaar iliyotoka mwaka 1991 ikazirithi. Ukikubali kutumia programu ya namna hii, ni haki yako kujua kila wakati kitufe unachokaribia kubonyeza kitafanya nini, na mahali pa kukuambia ni mstari wa hali.

Anayeona hili ni jambo dogo akumbuke tarehe 20 Januari 1992, pale ndege ya Airbus A320 ya shirika la Air Inter ilipogonga mlima karibu na Strasbourg, Ufaransa, wakafa watu 87. Maelezo ambayo wachunguzi waliyapa uzito ni kwamba huenda marubani walikusudia kushuka kwa pembe ya digrii 3.3, ilhali mtambo wa kuiendesha ndege ulikuwa katika hali nyingine, ya kupima mwendo wa kushuka, ukaelewa futi 3,300 kwa dakika. Kidirisha kilionyesha tarakimu zilezile, 33, tofauti ikiwa nukta. Baadaye Airbus ilikibadilisha ili mwendo wa kushuka uonyeshwe kwa tarakimu nne. Faili likiharibika hakuna anayekufa, najua. Lakini aina ya kosa ni ileile, na dawa yake ni ileile: hali ionekane wazi, mahali pamoja, bila kutafutwa.

Ndiyo maana wapambaji nao siwaungi mkono. Plagini kama Powerline na vim-airline ziliwafundisha wengi kwamba mstari huu unaweza kusema mambo, na kwa hilo zinastahili shukrani. Kisha watu wakaanza kuurundikia saa, betri na hata hali ya hewa. Mishale ile inahitaji fonti maalumu. Ukikaa kwenye kompyuta ya mwenzako asiye nayo, unaona visanduku vitupu. Baya zaidi, maelekezo yaliyomo kwenye mstari huo hufanyiwa kazi upya mara kwa mara skrini inapochorwa. Ukiuagiza uiite Git, programu ya kufuatilia matoleo ya faili, kila mara, kielekezi kitaanza kukwama mkononi mwako, nawe utailaumu kompyuta.

Kwa hiyo naitetea plagini ya lightline.vim, iliyotoka mwaka 2013, dhidi ya wanaosema nyepesi maana yake pungufu. Inakuja na machache: hali uliyomo, ambayo hubadilika rangi, jina la faili, alama ya kwamba hujahifadhi, namba ya mstari, na mengine kidogo. Tawi la Git halimo mpaka ulilete mwenyewe kwenye vimrc, faili la mipangilio ya Vim, kwa mistari michache. Mimi naona huo ndio ubora wake. Kila kilichopo kiliwekwa na mtu aliyejua anakitakia nini.

Katika hayo machache mna neno moja ambalo wengi hulipita, linaloonyesha jinsi mistari ya faili inavyoishia: unix au dos. Hati ya amri iliyoandikwa kwenye Windows ikipelekwa kwenye seva ya Linux hugoma kufanya kazi, kwa sababu kila mstari wake unaishia na herufi ya ziada isiyoonekana. Vim ikilifungua faili hilo huificha herufi hiyo. Hutaja dos mara moja tu, kisha ujumbe unapita. Mtu anaweza kusoma kodi sahihi jioni nzima akitafuta kosa, na jibu liko kwenye kona ya mstari alioambiwa ni pambo.

Vim yenyewe, ukiwa na dirisha moja, haiuonyeshi mstari huu mpaka uiagize. Walimu wanaowaanzishia vijana Vim, tafadhali, kabla ya rangi na kabla ya plagini yoyote, waandikisheni set laststatus=2, halafu waandike Dodoma mahali pasipostahili na kutazama kilichotokea.