Usukani ukilia, usiongeze sauti ya redio

Mfanyabiashara anayetoa nyanya Ilula kwenda Dar es Salaam lazima ateremke kona za Kitonga. Hapo si mahali pa kugundua kwamba usukani una kasoro. Hata hivyo, gari likianza kulia tunapokata kona, wengi wetu huongeza sauti ya redio, au hukimbilia kununua spea kabla ya kujua ugonjwa.

Kila mlio una maana yake. Usukani ukiguna injini ikiwa inaunguruma, na gari linatumia oili ya pawa steringi, angalia kwanza kiwango cha oili hiyo. Ikiwa imepungua, tafuta inakovujia. Kuongeza tu ni kuahirisha tatizo. Mlio mkali kama filimbi mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele likitoa sauti ya "ka-ka-ka" ukikata kona huku umekanyaga mafuta, kagua jointi za ekseli: mpira wake ukichanika, grisi hutoka na vumbi huingia. Kishindo kwenye mashimo huweza kuwa boljointi au tairodi iliyolegea. Boljointi ikichomoka, gurudumu hulala na dereva hana tena usukani.

Kwa hiyo, mwambie fundi ainue gari na kutikisa magurudumu mbele yako kabla hujatoa fedha ya spea. Gharama ya ukaguzi ni ndogo kuliko matenga ya nyanya yaliyomwagika korongoni, achilia mbali uhai. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.