Uso wa kikaragosi usubiri, miguu kwanza

Kila kijana anayeniletea kikaragosi cha filamu hunionyesha uso kwanza. Kope zimechorwa moja moja, shati limeshonwa na fundi cherehani. Mimi nakipindua nitazame nyayo. Mara nyingi ni pamba na kijiti tu.

Filamu hizi hupigwa picha moja moja. Sekunde moja ya sinema ina picha 24. Hata ukipiga kila mkao mara mbili, kama tufanyavyo wengi, dakika moja inadai mikao 720. Goti la kikaragosi kinachotembea litakunjwa mpaka waya uchoke. Ukikatika katikati ya tukio, mkao ule huupati tena.

Nunua waya laini wa alumini wa milimita moja na nusu (wa dukani, si ule wa kukatwa kwenye nguzo za umeme). Ukunje uwe nyuzi mbili, bana ncha kwenye jiriwa, nyingine kwenye drili, usokote polepole. Waya wa kufungia nondo ni rahisi kupatikana lakini mkaidi: ukiukunja, unarudi kidogo, na mkono unatetemeka kwenye filamu. Mifupa ivike epoksi ya udongo, ile ya mafundi bomba. Viungo viache wazi kwa nafasi, mkunjo usiangukie palepale kila mara. Ndani ya wayo zika nati, skrubu ipande kutoka chini ya meza iishike. Nyama ni sponji ya godoro.

Alumini itakatika tu, hilo tusidanganyane. Ndiyo maana huzika vipande vya antena ya redio mbovu mabegani na nyongani, kiungo nikakichomeka humo kwa gundi ya moto. Kikivunjika, napasha, nachomoa, naweka kingine.

Wanaoniambia sura ndiyo inayouza wamtazame King Kong wa 1933. Manyoya yake ya sungura yanachezacheza kila mahali vidole vya wahuishaji vilipomgusa. Watazamaji walimsamehe, kwa sababu alisimama, akapanda, akapigana. Ndani alikuwa na mifupa ya metali yenye viungo vya kuzunguka.

Nanyi wenye vituo vya vijana mnaopanga bajeti ya kompyuta nyingine: simu ya mwanafunzi inatosha kupiga picha. Wanunulieni jiriwa, drili na roli la waya.