Hesabu visiki kabla ya kuhesabu nguvu za injini



Ndugu msomaji, anayeishi bonde la Kilombero anajua kuwa masika yakishika, ukoka hauombi ruhusa. Unafyeka leo, baada ya wiki mbili unaukuta tena umefunika viatu. Hapo ndipo baba mwenye nyumba huanza kuwaza: kwa nini nisinunue mashine ya kukatia majani nikapumzika? Swali hili nimeulizwa mara nyingi, msikitini na kazini. Wengi wanaoniuliza wana ua mdogo: mwembe mmoja au miwili, mnazi, nguzo za kamba ya nguo, bomba la maji, rundo la tofali za chumba ambacho bado hakijajengwa, na mawe yaliyojificha ndani ya majani. Leo naomba nitoe maoni yangu kama tabibu, na pia kama mtu aliyewahi kuchagua vibaya.

Miaka michache iliyopita nilinunua mashine ya petroli, ile inayovaliwa begani, yenye kisahani cha chuma mbele. Niliichagua kwa sababu moja tu: muuzaji aliniambia ina nguvu, hata kichaka inafyeka. Mama watoto akaniuliza, "Kwani sisi tuna kichaka?" Sikumjibu. Jumamosi ya kwanza niliiwasha, na kisahani kikagonga kipande cha tofali karibu na shina la mwembe. Kipande kile kiliruka juu ya uzio kikampata mtoto wa jirani, aliyekuwa akienda madrasa na juzuu yake mkononi, juu kidogo ya nyusi. Nilimshona mwenyewe, nyuzi nne. Kingepiga chini kidogo, tungekuwa tunazungumzia jicho. Alhamdulillahi. Jirani alinisamehe siku ile ile, lakini mpaka leo nikikutana na mtoto yule naliona kovu kabla sijamwona yeye.

Tangu hapo msimamo wangu ni huu: katika ua mdogo wenye vizuizi vingi, usichague mashine kwa nguvu ya injini. Chagua kwa kuangalia vitu vilivyomo uani na watu wanaopita hapo.

Tuanze na hesabu. Chukua ua wa mita 10 kwa 12. Mashine yenye upana wa sentimita 35 itapita mara 29, na utakuwa umetembea kama mita 350. Mashine pana ya sentimita 50 itapita mara 20, na utatembea mita 240. Kwa hiyo ile kubwa inakuokolea mita mia moja na kidogo za kutembea, yaani kutoka nyumbani mpaka dukani. Na hata hizo utazipoteza kwa kuivuta nyuma na kuigeuza kila ukifika kwenye shina au nguzo. Pima kwanza nafasi nyembamba kuliko zote uani kwako. Mashine isiyopita hapo si yako, hata uuziwe kwa bei ya kutupa.

Sasa tuzitazame moja moja. Ipo mashine ya petroli yenye magurudumu manne, ambayo panga lake huzunguka chini ya kifuniko. Hii ni nzuri kwa kiwanja cha shule au eneo kubwa lililo wazi na tambarare. Kwenye mashina na mawe inasumbua: haifiki pembeni, na ikikuta jiwe hulirusha au hupinda panga. Majani mabichi yakiiziba, mtu hushawishika kuingiza mkono. Usithubutu! Zima injini, subiri panga lisimame, chomoa waya wa plagi, ndipo utoe majani kwa kijiti.

Ipo ile ya begani. Kisahani chake cha chuma kimetengenezwa kwa ajili ya vichaka na magugu magumu, si kwa ua wa nyumba. Ukiweka kichwa chenye waya wa nailoni inakuwa afadhali, kwa sababu nailoni hupinda inapogusa nguzo au jiwe. Hata hivyo nayo hurusha kokoto, na huchuna magome. Mche wa mwembe ukichunwa gome kuuzunguka wote hufa, nawe utadhani ni mchwa. Tena vitabu vya maelekezo vya mashine hizi kwa kawaida husema asiwepo mtu mwingine ndani ya mita 15, yaani hatua kama 20. Simama katikati ya ua wako uzihesabu. Kwa wengi wetu hatua 20 zinaishia sebuleni kwa jirani! Kelele zake nazo huharibu masikio ya anayeitumia muda mrefu bila kuyaziba.

Za umeme wa waya sizishauri kwa ua wa namna hii. Waya mrefu utajizungusha kwenye mashina, na ni rahisi mashine kuukata waya wake yenyewe, huku umesimama kwenye majani yenye maji ya mvua.

Ipo pia mashine ya kusukuma kwa mikono, isiyo na injini. Magurudumu yake huzungusha visu vinavyokata kama mkasi. Haina petroli wala plagi, ni nyepesi, na hairushi mawe kama zile za injini. Ikikutana na kijiti au kokwa la embe husimama tu, unalitoa unaendelea. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi majani marefu, huyalaza tu. Lazima uitumie mara kwa mara, kila wiki wakati wa masika.

Mwisho ni fyekeo, ambalo wengi tunalo nyuma ya mlango. Kwa kando za ukuta, kuzunguka mashina na kwenye mifereji, bado halijapata mpinzani. Lakini nalo linataka adabu: linolewe kwa tupa, mpini ukaguliwe kama haujalegea, mfyekaji avae buti, na watoto wakae mbali. Majeraha ya muundi niliyoyahudumia kwa sababu ya fyekeo butu si machache.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa nyumba yenye ua mdogo ni mashine ya kusukuma kwa mikono kwa sehemu iliyo wazi, na fyekeo kwa pembeni. Usipoipata au fedha ikiwa ndogo, fyekeo, tupa na buti vinatosha. Kama majirani au jamaa wa msikiti wanahitaji ya injini, wachangie moja yenye waya wa nailoni, wamteue kijana mmoja aliyefundishwa kuitumia, na katika mchango huo huo wanunue miwani ya kazi, buti na viziba masikio. Asiyeweza kununua miwani hajawa tayari kununua mashine.

Kabla ya yote, punguza vizuizi. Okota mawe na vyuma siku moja kabla. Tofali zipange sehemu moja. Kuzunguka kila shina, palilia duara la nusu mita kisha utandaze pumba za mpunga, ambazo bonde hili limejaliwa kwa wingi. Usizirundike zikagusa gome. Majani yakipungua pale shinani, mashine haina sababu ya kulisogelea.

Nigusie jambo moja ambalo husemwa sana, kwamba tunafyeka ili kuzuia malaria. Mbu wa malaria hutaga mayai kwenye maji, hatagi kwenye ukoka mkavu. Majani mafupi yana faida zake: nyoka anaonekana, na makopo na vifuu vinavyoshika maji vinaonekana ukavimwaga. Lakini ua uliofyekwa vizuri haubadilishi chandarua. Sisi wa Kilombero na wenzetu wa Ulanga tulikuwa na mradi mkubwa wa vyandarua kuanzia mwaka 1997, na vifo vya watoto wadogo vilipungua. Fyeka, na usiku lala ndani ya chandarua.

Na ajali ikitokea? Mtu akiingiwa na kitu jichoni kilichorushwa kwa kasi, asilisugue. Usijaribu kukichomoa kilichochoma. Usitie maziwa ya mama, asali wala dawa ya majani. Funika jicho kwa kitu kisicholigandamiza, kama kikombe safi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Jeraha la mguu lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Damu ikiendelea kutoka, ligandamize kwa kitambaa safi njia nzima mpaka hospitali. Muulize mhudumu kuhusu sindano ya pepopunda hata kama kidonda ni kidogo, maana vijidudu vyake vimo kwenye udongo.

Ndugu msomaji, ustadhi wetu alitufundisha tukiwa wadogo kuwa kuondoa kinachodhuru njiani ni sadaka. Nilikuwa nikidhani somo lile linahusu miiba na mawe ya barabarani. Siku niliyoshona uso wa mtoto wa watu nilielewa kuwa kinachodhuru kinaweza kutoka uani kwangu, kwa mkono wangu, nikiwa katika kazi ya usafi. Basi kabla hujatoa fedha dukani, zunguka ua wako pamoja na mkeo, hesabuni visiki, mashina na mawe, kisha mtazame ni nani hupita nyuma ya uzio saa za asubuhi. Jibu la mashine ipi utalipata hapo.

Wabillahi tawfiq.